Jina la Tano Kwenye Kisiwa

Sikuwa nimekunywa, sikuwa na homa, na ilikuwa saa tisa mchana. Naanza na hayo kwa sababu najua utakachoniuliza.

Kiangazi cha mwaka jana maji ya Ziwa Nzilo yalishuka hadi kisiwa kimoja cha mchanga kikawa kinafikiwa kwa gari. Tulipanga kwenda kulala huko siku mbili, watu wanne: mimi na mke wangu, na tata Idi, kama tunavyowaita wazee kwetu, msafirishaji mwenye gari la jipu, na mkewe. Kupanga nilipewa mimi, maana mimi ni mtu wa orodha. Nikaandika mahema mawili, chepe, kamba, mbao za kuweka chini ya mipira ya gari ikizama, maji ya kunywa. Ukurasa wa mwisho nikaweka majina ya wasafiri.

Wiki moja kabla ya safari, mimi na Idi tulienda kupima njia. Yeye alibaki ukingoni akipunguza upepo kwenye mipira. Mimi nikavuka kwa miguu, maji magotini, nikichomeka vijiti vya kuonyesha gari lipite wapi.

Kisiwani kulikuwa na mwanaume ameketi, amenipa mgongo.

"Muko bangapi?" akauliza bila kugeuka.

"Bane, tata."

"Andika batano. Kule kushoto musipite, mutazama. Mupite apa, muchanga iko nguvu."

Nilidhani ni mvuvi anayetaka kutuongoza. Nikacheka, nikafungua daftari. "Jina?"

"Kalenga."

Niamini, mkono uliandika kabla kichwa hakijasikia. Ndipo akageuka, mashavu yameingia ndani. Kwenye paji la uso alikuwa na torshi ya wachimbaji, inawaka, katika jua lile. Miguu yake ilikuwa na udongo mwekundu, mkavu. Niambie wewe, mtu amevukaje maji na udongo mkavu miguuni?

"Siku ile ulinikata," akasema taratibu, kama anayekumbusha tu. "Leo usinikate."

Hapa lazima nieleze. Miaka minne kabla ya hapo nilikuwa karani kwenye shimo la wachimba kobalti nje ya mji. Anayeshuka namwandika, anayepanda namkata jina kwa mstari. Kalenga alipanda, nikamkata. Kisha akasema amesahau chepe yake chini, anarudi mara moja. Sikumwandika tena, kilikuwa kitu cha dakika mbili. Shimo likaanguka. Waokoaji walifuata orodha yangu, wakawatoa wawili waliobaki humo, wakaacha kuchimba. Nilitaka kusema yupo wa tatu. Nikaogopa wataniuliza kwa nini hayumo kwenye daftari. Nikanyamaza. Mama yake alipokuja kumuulizia, nilimwambia mwanawe ameenda Kisenge kutafuta kazi.

"We, uko nasema na nani?" Idi aliniita kutoka ng'ambo.

Nilimtazama Idi, nikageuka tena. Hapakuwa na mtu. Palibaki vipande vya udongo mwekundu juu ya mchanga mweupe, na jina la tano kwenye daftari langu.

Safari ikafa. Jioni ile nilienda kwa mama Kalenga, nikasema yote nimesimama mlangoni. Hakulia.

"Miaka ine unaniacha napika bukari ya batu babili," akasema. Kila jioni alikuwa akiweka ugali wa mwanawe kando, ukingoja gari la kutoka Kisenge. Kisha akauliza, "Vile ulimuona, alikonda?"

"Hapana, mama."

Hilo tu sikumwambia kweli.

Kilio kilifanyika bila mwili. Ndugu zake hawanisalimii hadi leo, na sina la kuwalaumu. Kazi ya ukarani niliiacha. Hata kwenye orodha ya sokoni siwezi kuchora mstari juu ya kitu. Nikishanunua chumvi, neno chumvi linabaki pale pale.

Na wewe unayeandika watu, wa gari au wa kazi, usimkate mtu kabla hujamwona anaelekea kwake. Ukishamkata kwa makosa, sema saa ile ile, hata kama watakufukuza, hata kama watakupiga. Mimi siku ile ya shimo nilingoja waokoaji waondoke, nikakaa peke yangu mdomoni mwa shimo hadi jua likazama. Huenda muda wote huo alikuwa bado anapumua.