Joto la Mahindi

Mama ameanika mahindi uani kwangu hapa Kitale, na harufu yake inaingia dirishani. Mara niko Bungoma, mtoto mwenye kijiti cha kufukuza kuku.

Mama alikuwa amelala kifudifudi juu ya mahindi kwenye turubai, kiuno kimebanwa kwa leso. Jua la saa saba lilikuwa limeyapasha moto. Kila mwezi kulikuwa na siku kama hiyo. Shangazi alipita akicheka, "Ati unalinda mahindi ukiwa umelala? Si useme tu ni uvivu!" Mama alinivuta nilale kando yake, nikahisi joto la punje likinipanda tumboni. Nilidhani ni mchezo wetu.

Nilipovunja ungo na tumbo kuanza kuniuma, alinionyesha palepale pa kulala. "Vumilia, mwanangu. Sisi ndivyo tulivyo."

Sasa nimelala chali, maana vidonda vya upasuaji bado vibichi. Mama ameketi kitandani. Anainua leso yangu polepole, anatazama vitobo vyenyewe, vidogo kama punje.

"Walipitisha kamera hapa?"

"Ndiyo, mama."

"Na hiyo maumivu iko na jina?"

"Iko. Inaitwa endometriosis, utando wa mji wa mimba kuota nje yake. Waliiona, wakaitoa."

Ananifunika, mkono wake unabaki juu ya leso.

"Kumbe ilikuwa kitu ya kuonekana," anasema.

Huko nje kuku wamevamia mahindi. Namwambia. Haondoi mkono.

"Waache wale."