Siku Vitambaa vya Kukhu Vilipotokea Vizuri Kuliko Kukhu

Hii aibu nimeificha mtaa wetu mzima wa Matisi, lakini nyinyi ni watu wangu, wacha niitoe tu, na mtakaocheka mcheke polepole.

Nilikuwa nimeitwa Naitiri kumpiga picha Kukhu Nekesa, nyanya wa rafiki yangu, pamoja na mzee wake. Wamezeeka pamoja na hawajawahi kuwa na picha hata moja wakiwa wawili (ya kitambulisho kila mtu alipigwa kivyake), na wakwe walikuwa wamejaa sebuleni kushuhudia. Kukhu akaniuliza, "Msichana wangu, humu kuna giza, tutatokea kweli?" Mimi na kiherehere changu nikajibu, "Kukhu, hii kamera haikosei! Flashi inatupa kamwanga kidogo kwanza, kamera inapima kile kinachorudi kupitia lenzi, halafu inaamua yenyewe itoe mwanga kiasi gani." Sasa, ati ndio papendeze, nikamwambia alete vitambaa vyote vyeupe alivyofuma, tukatandika kwa viti, kwa meza, kwa redio, mpaka ukutani nyuma yao.

Nikapiga, nikapiga, bila kuangalia hata moja, kisha nikaunganisha kamera na TV watu wote waone. Wololo! Vitambaa vinaonekana hadi uzi wa mwisho, lakini wazee wenyewe ni vivuli viwili vyeusi, kwa sababu ule weupe wote ulirudisha mwanga mwingi, kamera ikadhani umetosha, ikabana flashi. Mkwe mmoja akasema, "Ati hiyo ndiyo haikosei, bana?" Sebule yote ikaangua kicheko. Mzee akasogelea TV, akatafuta uso wake, hakuupata, akarudi kukaa, na hapo ndipo roho iliniuma.

"Kukhu, tutoe vitambaa," nikanong'ona. Akasita. Kumbe kochi, alilolitandika mwenyewe, lilikuwa limeraruka katikati, sponji iko nje, na mimi nilikuwa karibu kumuanika mbele ya wakwe! Nikaanza kuomba msamaha, lakini akavivuta mwenyewe, akakalia lile shimo, akamshika mzee mkono.

"Piga," akasema. "Mimi nataka sura ya huyu, si ya kochi."

Mzee akacheka meno yote (yaliyobaki). Nikapiga, nikaangalia kwanza, na nyuso zao hizo, safi kabisa, karibu nilie.

Siku hizi nikiona cheupe kingi naongeza flashi mwenyewe, na simwonyeshi mtu picha ambayo sijaiona, wala simwambii mtu kamera yangu haikosei. Ile ya Kukhu iko ukutani kwao, na amekataza mtu yeyote kuitandikia kitambaa.