Kidole Juu ya Katuni

Mwongozaji wetu haruhusu kamera iwashwe kabla hajabonyeza kidole kwenye kitabu cha katuni tunachokigeuza filamu. Hadithi ya shujaa wake inaruka mbele na nyuma kila ukurasa. Sisi wengine tulishapotea. Ukikosea, hapigi kelele. Sauti yake inashuka tu, na hiyo ndiyo inayotisha.

Leo, hapa Gesima, mvua ikinyemelea tena mashamba ya chai, shujaa alitakiwa kumkaba adui, anayeigizwa na mzee mmoja wa hapa. Onyiego, anayeigiza shujaa, akarudi nyuma.

"Madam, huyu mzee alinizalia bibi. Siwezi mshika shingo, ni mwiko."

Kidole cha mwongozaji kikagandamiza ukurasa mpaka kucha ikawa nyeupe.

"Basi usimguse," alinong'ona. "Karibia tu."

Mkono wa Onyiego ukasimama hewani, karibu na koo la mkwewe. Nilipomgeukia mwongozaji, kitabu kilikuwa matopeni, naye amekikanyaga bila kujua, macho yote kwenye mkono ule.