Chaza Niliyemwekea Kivuli

Mdogo wangu alipoanguka kutoka kwenye paa akifunga nyaya za umeme, mimi ndiye niliyeteremka kutoka kijijini kwetu Akheri kwenda kukaa kwenye nyumba yake ya Terrat. Hana mke, hana mtoto. Ana tangi la kioo sebuleni lililojaa maji ya chumvi, na ndani yake chaza mmoja mkubwa kama sahani, mwenye nyama ya buluu inayochungulia katikati ya magamba yake mawili. Mwanaume wa Kimeru, mlima uko mlangoni, naye anafuga bahari! Nilimcheka miaka miwili.

Sasa alikuwa amelazwa Moshi, hasikii miguu yake, na kila alipopiga simu swali lilikuwa lilelile.

"Shikamoo dada. Chaza anaendeleaje?"

"Marahaba. Anaendelea vizuri. Wewe je?"

Habari zake mwenyewe alizikwepa. Nikajua huyo mnyama ndiye kamba aliyoishikilia. Akifa mikononi mwangu, mdogo wangu naye ataachia. Hofu hiyo nililala nayo na kuamka nayo.

Maagizo alinipa kwa simu, nikayaandika nyuma ya bahasha ya sadaka. Taa zote tatu ziwake tangu saa tatu asubuhi mpaka saa moja jioni. Chakula ni matone matano tu ya maji ya kijani ya kwenye kichupa, mara mbili kwa wiki. Matone matano! Nilidhani dawa za hospitali zimemchanganya. Kwetu hata kifaranga hali hivyo.

Wiki ya tatu ile nyama ilianza kupauka pembeni. Mimi nimefuga ng'ombe tangu nina meno ya utoto, nikafanya lile ambalo mfugaji yeyote wa kwetu angefanya: ndama akidhoofika, unamhamishia kivulini na kumwongezea chakula. Nikazima taa mbili, maana zilikuwa kali mno. Nikatandaza kitenge juu ya kioo. Kile kichupa nikammiminia mpaka kikaisha, kisha nikampa kijiko cha dang'a, maziwa ya kwanza ya ng'ombe wetu aliyekuwa amezaa, ambayo mume wangu aliniletea kwenye chupa ya soda. Dang'a imeokoa ndama wengi. Nilijiona nina akili.

Maji yakawa meupe, kisha yakaanza kunuka. Chaza akaachama, nyama ikasinyaa ndani. Nikampigia muuza samaki wa mapambo mmoja wa mjini, nikamweleza yote huku nalia.

"Mama," akasema taratibu, "huyo anakula mwanga. Ndani ya nyama yake kuna mimea midogo sana, inampikia kwa hizo taa. Hicho cha kwenye chupa ni cha kuongezea tu."

Yaani nilimzimia jiko, halafu nikashangaa anakonda. Mjinga mimi. Mjinga na ujuzi wangu wote.

Nikaondoa kitenge, nikawasha taa zote, nikabadilisha maji ndoo kwa ndoo kwa chumvi yake iliyokuwa stoo, mpaka mgongo ukakataa. Nikaomba pia. Ndiyo, mimi mzee wa kanisa nilipiga magoti kwenye zulia lililolowa, nikamwombea chaza. Kesho yake hakuna kilichobadilika.

Siku ya tatu simu ikalia, na safari hii ilikuwa ya video.

"Dada, nionyeshe."

Nilitaka kusingizia mtandao. Sikuweza. Nikaelekeza simu kwenye kioo. Yeye akamtazama chaza, na mimi nikamtazama yeye, jinsi shingo ilivyokonda kwenye ule mto mweupe.

"Pitisha mkono juu yake, umzibie taa," akasema. "Chaza mzima akiona kivuli anajifunga."

Nikapitisha. Magamba yakabaki wazi. Nikapitisha tena, polepole, nikimsihi moyoni. Wazi vilevile, mbele yetu wote wawili.

"Nimeona, dada," akasema, macho yake kwenye magamba yaleyale yaliyo wazi. "Amejifunga. Sasa rudi nyumbani, ng'ombe wanakungoja."