Bibi Aliposimamia Mtihani

Mpaka leo, saa ya jikoni ikilia, mikono yangu huinuka yenyewe. Naoka keki za kuuza hapahapa nyumbani Al Amerat, nyuma ya milima, na siku moja, inshallah, nitakuwa na duka langu mjini, Al Hail, lenye kioo kikubwa mbele. Hata huko najua wateja watanikuta nimenyoosha mikono juu kama mwizi aliyekamatwa. Aliyenifunza hivyo ni Bibi.

Dada yangu Asya alikuwa anajitayarisha kwa mtihani wa majaribio wa kuombea chuo cha nje. Haukuwa ule wenyewe, ulikuwa wa kujipima tu, lakini nyumba nzima tulitembea kwa kunyata. Alipofanya mazoezi alitaka mtu wa kumsimamia. Mama yuko kazini, mimi bado mdogo. Bibi akasema, "Ntasimamia mimi."

Kiingereza hakijui, ila saa anaijua. Alivaa buibui lake, akajifukiza udi kama anayekwenda harusini, akakaa majlisi, chumba chetu cha wageni, na tasbihi mkononi. Simu zetu zote akazitia kwenye ndoo ya mchele. Baba alipochungulia kuulizia ufunguo wa gari, aliulizwa, "Na wewe umejiandikisha?" Akarudi nyuma polepole. Kazi yangu ilikuwa kutega saa ya jikoni, na ikilia, sheria yake ilikuwa kalamu chini, mikono juu, hata mimi; nilijiona mtu mkubwa.

Jioni ya kuamkia mtihani, saa ililia Asya kabakisha swali moja.

"Kalamu chini," alisema Bibi.

"Bibi, hili moja tu."

Penseli ikaendelea kujaza kiduara cha jibu. Bibi akainuka, akaivuta karatasi, akaipasua katikati.

Wallahi mikono yangu ilikuwa bado juu. Huyu ni Bibi ambaye hata karatasi ya halwa huinyoosha kwa kiganja akaiweka chini ya godoro, Bibi ambaye hajawahi kutupigia kelele. Vipande viwili vililala juu ya zulia, Asya anavitazama mdomo wazi.

"Si mazoezi tu, Bibi?"

"Ndiyo uzoee. Kesho huko hakuna bibi."

Nilimfuata jikoni nimefura. "Kwani Da Asya humpendi?"

"Nnampenda. Akiweza huu wa kesho, atafanya ule wenyewe. Akiweza ule, anaondoka. Miaka minne, Uingereza."

Nilikaa palepale juu ya gunia la unga. Hakuna aliyeniambia. Mimi nilidhani mtihani ni mtihani: unapata alama, Mama anapika biriani, basi. Kumbe wiki nzima nimekuwa nikitega saa ya kumwondosha dada yangu, ninayelala naye chumba kimoja, anayenisuka nywele.

"Sasa kwa nini unamsaidia?"

Bibi alifungua bomba, akaanza kuosha vikombe vya kahawa vilivyokwisha kuoshwa.

Kesho yake Baba alimvusha Asya milima kwa gari mpaka mjini, na mchana akarudi naye anacheka. Walipoambiwa waache kuandika, penseli yake ilikuwa ya kwanza kugusa meza. Kijana wa mbele yake aliendelea, akanyang'anywa karatasi. Bibi alisikiliza yote, kisha akauliza tu, "Umekula?"

Ule wa kweli nao akaufaulu. Siku ya safari, uwanja wa ndege, Asya alimkumbatia Bibi asimwachie, na Baba anatazama saa. Nilikuwa nimeshika buibui la Bibi, nikasikia akimnong'oneza, "Wakati umekwisha, mwanangu. Kalamu chini."

Asya akacheka huku analia, akashusha mikono.

Ya Bibi haikushuka. Vidole vyake vilibaki vimeng'ang'ania mkanda wa mkoba wa Asya, mpaka Baba akaja kuvibandua kimoja kimoja.

Nilishangaa sana siku ile, kumwona msimamizi mwenyewe anavunja sheria yake. Nilikuwa mdogo. Sasa ndiyo najua kuwa kule majlisi waliokuwa wakifanya mazoezi walikuwa wawili, na Asya peke yake ndiye aliyefaulu.