Kisanduku cha Kupima Moshi

Dada mmoja mtafiti kutoka chuo kikuu cha pale Wandegeya alikuja kwenye fleti yetu Bugolobi, akaomba kufunga kisanduku cheupe kwenye ukuta wa roshani. Kazi yake, alieleza, ni kuvuta hewa na kupima moshi: wa makaa, wa magari, wa viwanda vya jirani, wa takataka tunazochoma. Moshi huo hauishii puani mwetu. Unapanda angani, joto la dunia linazidi, na mvua zinasahau majira yake.

Shangazi, niliyekuwa nikiishi naye, alikuwa polisi mstaafu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kinapeleka ripoti wapi?"

"Kwenye kompyuta yetu, mama. Mchana na usiku."

Tangu hapo alikiona kisanduku kama ofisa aliyetumwa kutuchunguza. Sigiri yake ya makaa, iliyopikia maharage pale roshani tangu utoto wangu, aliihamishia kwenye ngazi za nyuma. Kisha akapita mlango kwa mlango kuwaonya majirani. Mzee wa ghorofa ya chini, Mwislamu mwenye duka la vitambaa Nakivubo, alikubali kuhamisha jenereta yake. Kilichomsumbua ni ubani wa Ijumaa.

"Ubani nao ni moshi," shangazi akasema.

"Ubani ni ibada, dada yangu."

"Basi mweleze mwenyewe."

Mzee akapanda hadi kwetu, akavua kofia, akakitolea kisanduku salamu kamili na kukieleza kwamba harufu itakayopita leo si ya takataka. Alisubiri kidogo, kisha akateremka. Hata hivyo ubani wenyewe alikwenda kuuchomea nyuma.

Basi moshi wa nyumba nzima ukahamia kwenye ngazi za nyuma. Tulipanda kwa kupapasa, macho yakitutoka machozi, na mashati yangu ya kazini yakanuka samaki wa watu nisiowajua. Mbele, hewa ilikuwa safi kama ya mlimani. Nilimwambia shangazi kwamba moshi ni ule ule na unapanda kwenye mbingu ile ile.

"Najua," akasema. "Lakini mbingu ya nyuma haina kisanduku."

Baada ya muda mtafiti akapiga simu kwa furaha. Vipimo vyetu vilikuwa vimeshuka kwa namna ya ajabu, na wakubwa wake walitaka kuja kujifunza tulichofanya. Walikuja na msururu wa magari makubwa. Kwa kuwa jua lilikuwa kali, madereva waliziacha injini zikinguruma chini ya roshani yetu ili magari yabaki na ubaridi. Sebuleni, wageni waliinamia skrini ya mtafiti wakitazama mstari ukipanda.

"Leo kuna nini?" mmoja akauliza.

Shangazi alichungulia chini, akateremka na ndala zake.

"Zima."

"Mama, wakubwa watakuta gari lina joto ndani," dereva akajitetea.

"Si wamekuja kwa habari ya joto? Waache walipate."

Wakazima, mmoja baada ya mwingine.

Wakati huo mtafiti, akitafuta maji ya kunywa, alifungua mlango wa nyuma. Moshi ukaingia sebuleni kama mpangaji mwenye ufunguo wake. Nje, sigiri za jengo zima zilikuwa zimepangwa ngazi kwa ngazi hadi chini, kila moja na sufuria yake. Wageni wakakohoa. Shangazi, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi, akasema kwa utulivu, "Huo ni wa upande mwingine."

Mtafiti alicheka hadi akakaa chini. Alipopata pumzi akaomba ruhusa ya kufunga kisanduku cha pili, pale ngazini.

Wapangaji wakafanya kikao kutafuta pa kupikia pasipo na kisanduku, wakakosa. Kesho yake shangazi alirudi na mtungi wa gesi kwenye bodaboda, ameukumbatia njia nzima. Alipika maharage, akayaonja, akasema hayana ladha, akaongeza chumvi, tukala.