Mkebe Uliobaki Chini ya Migomba

Picha ya pekee ya baba yangu ilizikwa ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, katika shamba letu la migomba karibu na Beni. Baba alikufa kabla sijajua kutembea. Katika picha hiyo alivaa koti la kijeshi aliloazima studio, yeye mwuza ndizi, eti apendeze. Ujana una mambo! Vita vilipofika, mama aliogopa kupita nayo kwenye barrière, kile kizuizi cha barabarani, askari wasije wakasema ni mke wa adui. Akauzika mkebe chini ya mgomba, upande wa barabara, tukakimbilia Butembo.

Huko tuliishi mtaa wa Rughenda, karibu na uwanja wa ndege. Wenzangu waliambiwa wana macho ya baba zao, au ubishi wao. Mimi mama aliniambia, "Ngoja tufike kwa mukebe, utajiona." Nilingoja mpaka nikaota ndevu. Niliutamani uso ule kuliko nilivyotamani amani, Mungu anisamehe.

Njia ilipotulia kidogo tukarudi. Mama alikwenda moja kwa moja kwenye mgomba wake, nami nikachimba mpaka jasho likaniingia machoni. Hakuna kitu. Mjomba wangu, aliyekuwa amebaki akilima jirani, alicheka mpaka akaegemea jembe.

"Mais, lakini dada, weye mutoto ya mukulima! Mugomba inatembeaka. Mama yake inakufa, batoto banaota pembeni. Ile yako ya zamani iko wapi sasa?"

Mama aliyajua hayo tangu utotoni. Hofu ya siku ile ilikuwa imemsahaulisha.

Basi tukaanza kuifuata migomba kinyumenyume, shimo baada ya shimo, kuelekea pale ilipotoka. Jembe likagonga chuma. Nilipiga kelele kwa furaha, nikafukua kwa mikono. Haukuwa mkebe, ilikuwa sufuria iliyofungwa kwa kitenge. Ndani mlikuwa na gauni dogo jeupe la ubatizo, rozari na vijiko. Nadhani ni vya wakimbizi waliopita baada yetu, wakachoka kubeba.

"Funika," mama akasema.

"Mais mama, benyewe bako wapi? Pengine balikufaka."

"Na kama banarudia? Funika muzuri, mwana wangu."

Nilikasirika, maana sikuchimba siku nzima ili nilinde vijiko vya watu. Lakini nilirudisha udongo. Juu yake mama akaweka jiwe, kwa sababu jiwe halitembei.

Mkebe wetu hatukuupata. Risasi zilisikika tena upande wa msitu, tukashika njia ya Butembo mikono mitupu. Tangu hapo, kila ninyoapo ndevu, nauangalia mdomo huu kwenye kioo na kujiuliza ni wa nani. Labda naye mtu aliufukua mkebe wetu, akaufungua, kisha akaufunika vizuri kama sisi. Basi huyo amemwona baba yangu. Mimi bado.